Tuta Lenye Dawa

Wiki iliyopita jirani alipiga dawa kwenye nyanya zake, na upepo ukaileta harufu mpaka uani kwangu. Nilikuwa nimechuchumaa napunguza miche ya mchicha. Harufu ile naifahamu: ni kama kitunguu saumu kilichovunda kikachanganywa na mafuta ya taa, na ikishaingia puani inashuka kooni na kukaa hapo. Niliacha miche niliyokuwa nimeing'oa palepale chini, nikaingia ndani, nikafunga madirisha, nikakaa kitandani. Mume wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia kichwa.

Hapa mtaani wanawake wenzangu wananiita fundi wa bustani. Wakitaka kujua kwa nini pilipili hoho zao zinadondosha maua, au kitalu kiwe na upana gani, wanakuja kwangu, nami nawaeleza kila kitu isipokuwa dawa. Nikifika kwenye dawa nawaambia wakaulize dukani. Wanadhani sijui. Ninajua. Nilijifunza nikiwa na miaka minane, na aliyenifundisha ni mama yangu, mwanamke aliyekuwa na kazi nyingi na haraka siku zote, kama walivyokuwa mama zetu wengi wa wakati ule.

Tulikaa pembeni mwa mji wa Nachingwea, mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana na mikorosho inaanza kukaribiana. Baba alikuwa na shamba la korosho upande wa Ruponda, na msimu wa kupulizia mikorosho ulipofika alihamia huko wiki nzima nzima. Nyumbani tulibaki watatu: mama, mimi, na bibi mzaa baba. Nyuma ya nyumba ardhi ilishuka taratibu kuelekea bondeni, na huko mama alikuwa na kisima kifupi na matuta saba ya mboga. Mchicha, bamia, nyanya, matembele, chainizi. Alichuma alfajiri, akafunga mafungu kwa kamba za mgomba, akaenda kuuza sokoni kabla jua halijawa kali.

Mama aliipenda ile bustani kuliko alivyopenda vitu vingi. Alikuwa amefundishwa na bwana shamba mmoja aliyekuwa akizungukia vikundi vya akina mama, na alivyofundishwa ndivyo alivyonifundisha, neno kwa neno, kama vile ni mimi ndiye nitakayefanyiwa mtihani. Mbegu za mchicha ni ndogo, alisema, zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke rundo mahali pamoja. Chora mstari kwa kidole, usizidishe kina, mbegu ikizama sana haitoki. Tandaza nyasi juu, mwagilia juu ya nyasi, na siku utakapoona shingo nyeupe zinachungulia ondoa nyasi jioni, siyo mchana. Miche ya nyanya iliyokaa kitaluni chini ya kivuli haihamishwi ghafla. Unaipunguzia kivuli siku moja kidogo, siku ya pili zaidi, na maji unayapunguza pia, mpaka shina likaze. Hiyo aliiita kuzoesha. Kuhamisha ni jioni, na udongo wake uende nao. Ukichuma mchicha usiung'oe. Kata juu ya kifundo, utachipua tena pembeni.

Nilikuwa nayapenda maneno yale hata pale nisipoyaelewa. Na mengi sikuyaelewa. Kwa mfano samadi. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mzee aliyeitwa Samadi, mfupi, mwenye baiskeli ya kijani. Siku ya kwanza nilipomsikia mama akisema, "Samadi haijaiva, tukiiweka sasa itaunguza miche," nililala nikiwaza yule mzee ataivaje, na kwa nini anataka kutuunguzia miche. Kesho yake nilipomwona nilikimbia. Mama alipojua alicheka mpaka akakaa chini, akanishika mkono akauingiza kwenye rundo la mavi ya ng'ombe yaliyochanganyika na majani. "Unasikia joto?" akaniuliza. Nikasema nasikia. "Ikiwa na joto, bado haijaiva. Ikipoa na kunuka kama udongo wa mvua, hiyo imeiva. Hiyo ndiyo samadi, siyo mzee wa watu."

Bibi alikuwa akikaa kwenye mkeka chini ya upenu wa jiko, akipepeta mbegu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni, cha kuuliza bei na kusalimia. Mambo yake ya moyoni aliyasema kwa Kimwera, na mimi nilimjibu kwa Kiswahili, tukaelewana. Alikuwa na mzaha mkavu. Alimwambia mama kwamba yeye alilima maisha yake yote bila kujua kwamba mche una shingo. Mama alicheka. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye yalisemwa mengine: mama na bibi walikuwa wanapendana. Mama ndiye aliyemkata kucha. Mama ndiye aliyemwogesha mgongo.

Kiangazi kile wadudu waliingia bustanini. Tuta la tatu, lile la mchicha mnene kuliko yote, majani yalitoboka kama chujio. Mama alijaribu majivu, akajaribu maji ya mwarobaini, wadudu hawakujali. Nilimsikia akilalamika kwa baba, aliyekuwa amerudi kuchukua unga, "Mchicha wangu unaumwa wote." Na mimi nikasikia kuumwa kama ninavyoumwa mimi nikiwa na homa. Kwangu neno lilikuwa moja.

Baba akachomoa kutoka kwenye kapu la pikipiki chupa ya soda iliyofungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki. "Hii imebaki kwenye mikorosho," akasema. "Tumia hii, usinunue nyingine."

"Ya mikorosho inafaa mboga?"

"Dawa ni dawa, Mama Somoe. Weka kidogo tu."

Somoe ni mimi.

Wiki hiyohiyo bibi naye alishikwa na homa. Alipelekwa zahanati akapewa vidonge, lakini kila akimeza alivitapika. Mama alivisaga akaviweka kwenye uji, bibi akavitapika pia. "Dawa hazikai tumboni kwake," mama alimwambia shangazi Hadija, dada yake baba, aliyekuja kumjulia hali. "Sasa sijui nifanye nini. Nesi amesema ale mboga za majani apate nguvu, lakini asipopata dawa mboga zitamsaidia nini?" Nilikuwa nimekaa mlangoni namenya karanga. Nilisikiliza kila neno. Nilikuwa mtoto wa kusikiliza.

Siku mbili baadaye, asubuhi mapema, mama alichanganya ile dawa ya chupa ya soda kwenye bomba la mgongoni alilokuwa ameliazima, akalipiga tuta la tatu. Alinikataza kusogea. Alipomaliza akachomeka vijiti vinne kwenye pembe za tuta na kufunga kwenye kila kijiti kipande cha kanga nyekundu iliyochakaa.

"Umeona vitambaa?" akaniambia. "Tuta hilo lina dawa. Usiliguse mpaka niseme."

"Dawa ya nini, mama?"

Alikuwa anavua bomba, jua limeshaanza kupanda, uji wa bibi haujapikwa, mafungu ya bamia yanamsubiri. "Ya kuponya mchicha," akasema. "Hebu nipishe."

Alienda kupika uji. Akamnywesha bibi, bibi akanywa nusu kikombe. Kisha akabeba beseni lake kichwani akaenda sokoni, akiniachia maagizo ya kila siku: nimpe bibi maji, nisiende mbali, nifagie.

Nilifagia. Nikampa bibi maji. Bibi alikuwa na nafuu kidogo asubuhi ile, alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, na akanitania kwamba nafagia kama kuku anayetafuta chakula. Halafu akafumba macho, na nikaona jinsi mashavu yake yalivyoingia ndani. Nikaogopa. Nikajiambia kwamba atakufa kwa sababu dawa hazikai.

Na hapo ndipo nilipopata akili. Siwezi kusema nilipatwa na wazo, maana halikuja kama wazo. Lilikuja kama kitu ambacho kila mtu alikuwa anakijua ila tu hawajakisema. Mchicha ulikuwa unaumwa, umepewa dawa. Nesi amesema bibi ale mboga. Vidonge bibi anavitapika kwa sababu ni vichungu. Lakini bibi hajawahi kutapika mchicha.

Niliteremka bondeni. Majani ya tuta la tatu yalikuwa yamekauka juu lakini yanang'aa, na kwenye mikunjo kulikuwa na matone meupe kama maziwa yaliyozimuliwa. Nilichagua yale yenye matone mengi. Nilikata juu ya kifundo, kama nilivyofundishwa. Sikuyaosha. Nilikumbuka mama husema osha mboga mara mbili, nikalifikiria hilo kwa makini kabisa, nikaona kwamba nikiosha dawa itaondoka na maji. Nilipika haraka, kwa maji kidogo, na karanga za kusaga ili bibi apende. Moto wenyewe niliuondoa mapema, kwa sababu hiyohiyo.

Bibi alikula. Alikula vizuri kuliko siku zote za wiki ile. Akaniambia kwa Kimwera kwamba mkono wangu umeshakuwa mkono wa mke wa mtu. Mimi sikula, kwa sababu sikuwa naumwa. Dawa ni ya mgonjwa.

Baada ya kula niliosha sufuria, nikaosha sahani, nikamwaga maji bondeni. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo siku ile. Nilikuwa tu mtoto aliyelelewa vizuri.

Haikuchukua muda mrefu. Bibi alianza kutokwa na mate. Kwanza alikuwa anayafuta kwa ncha ya kanga, halafu yakawa mengi kuliko kanga. Akaanza kutoka jasho, na misuli ya uso wake ikawa inarukaruka kama kuna kitu kinatembea chini ya ngozi. Akatapika. Mimi nilipoona anatapika nilihuzunika kwamba hata hii dawa haijakaa, nikayazoa matapishi kwa mchanga nikayatupa. Mama alirudi akamkuta ameshalala ubavu, anakoroma kwa maji kifuani. Alilitupa beseni. Jirani mwenye pikipiki akaja, wakampakia bibi katikati, mama nyuma amemkumbatia, na nikawaona wakiingia barabarani, kichwa cha bibi kikining'inia begani kwa mama.

Alirudishwa kesho yake akiwa amefungwa shuka.

Mazishi yalikuwa ya haraka kama kawaida yetu. Baba alikuwa ametoka Ruponda na vumbi la salfa ya mikorosho bado liko kwenye nyusi zake. Ilikuwa siku ya tatu, watu wengi wakiwa wameshaondoka, ndipo shangazi Hadija alipouliza lile swali sebuleni, mbele ya baba na wazee wawili wa ukoo. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia.

"Wifi, daktari alisema nini hasa?"

Mama akasema, "Alisema dalili ni za sumu ya kuulia wadudu. Akaniuliza amekula nini."

"Ukamwambia amekula nini?"

"Nilimwambia uji. Mimi nilimwachia uji tu."

"Uji uliopika nani?"

"Mimi."

"Na dawa ya wadudu siku hiyo alishika nani?"

"Nilishika mimi. Lakini nilinawa."

"Kwa sabuni?"

Nilimngoja mama ajibu. Nilijua sabuni ilikuwa imekwisha tangu juzi yake, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa kukopa dukani nikanyimwa. Alinawa kwa maji na mchanga. Nilimwona. Baba akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Sema basi. Kwa sabuni?"

"Sikumbuki," mama akasema. "Wallahi, sikumbuki."

Shangazi alianza kulia. Akasema maneno ambayo sitayaandika. Akasema kwamba kuna wanawake wanaochoka kuuguza. Mzee mmoja akajaribu kutuliza, akasema inawezekana ni bahati mbaya, na tusilipeleke jambo hili polisi kuchafua jina la nyumba. Wote wakakubali kwamba halitaenda polisi. Kumbe lilikuwa linapimwa kwa kipimo kingine. Siku ya saba baba alimwambia mama achukue vitu vyake arudi kwao Nanganga, Ruangwa, mpaka yeye atakapotulia moyo. Hakuwahi kutulia. Mwaka haukupita akaoa mke mwingine.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Nimejiuliza mwenyewe kuliko mtakavyoniuliza. Jibu la mtoto wa miaka minane ni rahisi: sikujua kwamba kuna cha kusema, wala hakuna aliyeniuliza. Wao walikuwa wanazungumzia sumu. Mimi nilikuwa nimempa bibi dawa. Nilichokuwa nakionea aibu ni kwamba nilimpa kidogo, au nilichelewa. Asubuhi ile mama alipokuwa anafunga mizigo nilimwendea shangazi uani, nikamwambia, "Shangazi, mimi nilimpa bibi dawa." Alinivuta akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Najua, mwanangu," akasema. "Najua ulikuwa unampa vidonge vyake. Wewe ulimpenda bibi yako." Nikaona basi, nimeshasema.

Mama alipanda gari la abiria na begi moja na jembe. Jembe hilo kondakta alitaka kulitupa juu ya gari, mama akakataa, akalishikilia mapajani. Aliniambia nisome. Aliniambia nimwagilie mchicha asubuhi na jioni. Sikumwagilia. Hakuna aliyemwagilia. Mvua ilipokuja matuta yote saba yalikuwa yameshasambaratika, na mama wa kambo alipanda mihogo.

Nilielewa nikiwa na miaka kumi na minne. Baba alinipeleka kwenye duka la pembejeo nimsaidie kubeba. Wakati anajadiliana bei na muuzaji, mimi nilikuwa nasoma vibandiko, kama anavyosoma kila kitu mtoto aliyejua kusoma vizuri. Kwenye chupa moja kulikuwa na maandishi: dawa ya kuua wadudu wa mikorosho. Chini yake, kwa herufi kubwa nyekundu, SUMU. Chini yake tena, kwa herufi ndogo, kwamba isitumike kwenye mboga za majani. Nilisoma mara ya pili. Kisha nikafungua kifuniko kidogo tu, nikanusa, na nikaiona sufuria, na karanga, na matone meupe, na bibi akifuta mate kwa ncha ya kanga. Nilikaa chini pale dukani, juu ya gunia la mbolea. Baba akaniambia niache uvivu.

Kuanzia siku ile sina tena udhuru wa utoto. Nilijua, na sikusema. Nilikuwa nakwenda Nanganga kila likizo ndefu, na sikusema. Mama alikuwa amejijengea chumba kimoja kando ya nyumba ya kaka yake na ameanza bustani nyingine, ndogo, iliyopangwa vizuri mno. Nyanya zilizofungwa kwenye vijiti, machipukizi ya pembeni yametolewa, udongo umefunikwa kwa maganda ya karanga ili usipoteze maji. Mchicha haukuwepo. Dawa ya dukani haikuvuka ua wake. Na alikuwa ananawa mikono. Alinawa akitoka bustanini, akanawa kabla ya kuwasha moto, akanawa tena kabla ya kunipakulia, kwa sabuni ya kufulia, mpaka vidole vyake vilikuwa na nyufa. Nilidhani ni uzee. Niliamua kudhani ni uzee.

Mwaka jana ndipo nilipomwambia. Nimeolewa, nina watoto wawili, na mdogo ametimiza miaka minane. Labda ni hilo. Nilisafiri mpaka Nanganga nikamkuta jioni anahamisha miche ya bilinganya. Nilikunja kanga nikamsaidia, yeye anachimba vishimo, mimi naweka mche na udongo wake. Tulimaliza mstari mzima. Kwenye mstari wa pili nikasema, bila kumwangalia, "Mama, bibi alikula mchicha siku ile. Mchicha wa tuta la tatu. Mimi ndiye niliyempikia."

Aliendelea kuchimba. Nilidhani hakusikia. Nikasema yote: vitambaa, matone, kwamba sikuosha, kwamba nilidhani nampa dawa. Nilipofika kwenye sufuria niliyoiosha, mikono yake ilisimama.

"Mchicha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Siyo uji."

"Siyo uji."

Akakaa chini kwenye udongo uliolowa. Nilijiandaa kwa mambo mawili: anisamehe, au anipige. Niliyajua yote mawili jinsi yatakavyokuwa, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi miaka mingi. Hakufanya hata moja. Aliinua mikono yake akaitazama, upande huu na upande huu.

"Nilidhani ni hii," akasema. "Miaka yote hii. Nilikuwa nakataa mdomoni lakini moyoni nilikuwa nasema, ni hii. Ndugu yangu akiniambia mpikie mtoto uji, nilikuwa natafuta sababu. Wewe ukija, nilikuwa naonja kwanza, nasubiri, ndipo nakupa. Hukuona?"

"Niliona."

"Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa. Ningeweza kusema uongo, na angeamini. "Nikiwa kidato cha kwanza," nikasema.

Alinigeukia. Machoni mwake hapakuwa na machozi, na nilitamani yangekuwepo. "Ulikuwa unakuja hapa," akasema taratibu. "Ulikuwa unakula ugali wangu, unaona ninavyonawa. Unalala kitandani kwangu. Na ulijua."

"Nisamehe, mama."

"Ulipokuwa na miaka minane sina cha kukusamehe. Nilikuambia ni dawa, ni mimi. Lakini huko kwingine kote, Somoe, niache kwanza." Akainuka, akakung'uta kanga. "Baba yako anajua?"

"Hapana."

"Kamwambie. Na Hadija. Kawaambie kwa mdomo wako, kama ulivyoniambia mimi, ndipo urudi hapa."

Miche iliyobaki alinikataza kuigusa. Aliimalizia peke yake gizani.

Kesho yake nikaenda Nachingwea. Baba amezeeka, mguu mmoja haukunjiki vizuri, na shangazi Hadija amehamia kwake tangu afiwe na mumewe. Niliwakuta wote wawili barazani wanachambua mbaazi. Nikawaamkia, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaeleza kama nilivyoagizwa. Sikuruka kitu.

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Kisha akanyoosha mkono akanishika goti, na sauti yake ilikuwa laini, ileile ya siku ile uani. "Maskini mwanangu," akasema. "Umebeba mzigo huo peke yako? Wewe ulikuwa mtoto. Mtoto hana kosa."

Baba alitikisa kichwa mara nyingi. "Ulikuwa mtoto," naye akasema. "Usijisumbue. Hayo yameshapita."

"Mama aliondoka kwa sababu hiyo, baba."

"Ndiyo. Ilikuwa mitihani ya Mungu."

"Na dawa uliileta wewe. Ilikuwa ya mikorosho. Alikuuliza kama inafaa mboga."

Akaendelea kuchambua. Alitoa mbaazi moja iliyotobolewa akaitupa uani. "Sasa unataka nifanye nini, Somoe? Nikampigie magoti mtu aliyeolewa na kuachwa miaka ishirini iliyopita? Watu watasema nini? Mwenye kosa amepatikana, na ni mtoto, na ameshasamehewa. Yaishe."

Walikuwa wamenisamehe kabla mbaazi hazijajaa ungo. Hawakuniuliza kama nilinawa, kwa sabuni au bila sabuni. Hawakuniuliza nilijua lini. Chai ililetwa, na shangazi akanikatia kipande kikubwa cha muhogo.

Nilimpigia mama nikiwa stendi, kabla hata sijakata tiketi. Aliuliza bila kusalimia.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mama."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nilikuwa mtoto. Wamesema mtoto hana kosa, yaishe."

Nilisikia kuku wake, na mtu anayepita akimsalimia, naye hakuitikia.

"Wewe ulikuwa mtoto," mama akasema. "Na mimi, Somoe? Mimi nilikuwa nani?"

Hakusubiri jibu. Alikata simu. Nilimpigia siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, hakupokea. Ijumaa ya pili akapokea. Tukazungumza habari za mvua.